Lori la Lira

Zote mbili nyeusi. Zote zina kichwa cha wavu,
kama kawa ndogo ya kuzuia nzi.
Moja ina maandishi ya dhahabu, ya pili ya fedha,
na Ssemwogerere, nyuma ya kioo cha duka lake Kikuubo,
ananiambia: Mwalimu, hawa ni mapacha,
ila huyu amemtangulia mwenzake kwa elfu arobaini.

Laki mbili na sitini. Laki tatu.
Nimepima kwa viganja: uzito mmoja.
Nimezigonga kwa ukucha: hii ti, ile ti.
Hii ina joto, anasema. Ile ina mwanga.
Joto la nini, ndugu yangu? Mwanga wa nini?
Mimi nina imla ya kusomea shule tisa,
na watoto wangu, kwa ulimi waliozaliwa nao,
huandika kwamba bibi harusi alilipiwa mahali
na wananchi walijitokeza kupiga kula.
Nataka chombo kinachoijua R na kinachoijua L
na kisichowaozesha bila idhini yangu.

Chukua zote, akasema. Acha kitambulisho.
Jumatatu unirudishie moja.

Bombo, chumba cha mbele, saruji tupu.
Nikipiga kofi, ukuta unanipiga la pili.
Na kondensa haina adabu, husikia yasiyoihusu:
bodaboda ya Khemis ikikataa kuwaka,
tarumbeta ya kambini, kuku wa Bi Kaltuma,
tumbo langu.

Basi nikangoja saa nane za usiku.
Nikaisomea ya dhahabu, taratibu, kama mtu anayeapa:
*Lori la Lira limelala Luweero, barabara haijalala.*
Umeme ukakatika.
Nikapapasa gizani, nikachomoa, nikachomeka,
nikakaa na mbu hadi taa iliporudi,
nikaisomea ya fedha maneno yaleyale.

Siku mbili nimevaa visikizi kama rubani.
Ya kwanza, R yake inakwaruza vizuri, kama kiberiti.
Ya pili, hapana, ya pili ina ubaridi fulani,
L inateleza, Lira inakuwa mji wa mbali zaidi.
Nimemwamsha Mastula. Ya kwanza, akasema, akalala.
Nimemwita Khemis na mikono yake ya grisi.
Ya kwanza! Ile nyingine inasemea puani.
Nimechora safu mbili kwenye daftari la maandalio,
nimetoa alama, nimejumlisha,
nimeanza kutafuta nani atanikopesha elfu arobaini.

Jumapili jioni, nikifungasha,
nikafungua kisanduku cha ile ya fedha.
Imelala ndani ya mfuko wake wa nailoni.
Gundi ya kiwandani haijaguswa.

Mastula alitazama mfuko, akanitazama mimi,
akatoka nje kwenda kucheka na kuku.

Nilirudisha ya dhahabu. Sikumweleza Ssemwogerere kitu.
Zile arobaini nilizokopa nikanunua blanketi zito,
nikalitundika dirishani; kwenye kuta nikapanga
tabaga za mama, kumi na moja, nyekundu na zambarau,
alizosuka kabla ya macho kumpunguzia rangi.
Nikapiga kofi. Ukuta ukanyamaza.

Nikasoma imla nzima kwa pumzi moja ya asubuhi,
na kwenye mstari wa tisa, mbali, nyuma ya blanketi,
mama anauliza, wazi kabisa, kila herufi mahali pake:
*Nani ameondoa tabaga yangu ya harusi?*

Sijaifuta. Shule tisa zitaiandika.
Atakayeandika *halusi* nitamkata alama moja.